Kutoka kubipu mpaka bando: historia fupi ya bei ya simu Bongo

Kuna neno moja ambalo nadhani miaka ishirini ijayo watoto watahitaji kamusi ili walielewe, nalo ni kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata haraka kabla mwenzako hajapokea. Ukichelewa kukata imekula kwako, salio limekwenda. Mwenzako anaona namba yako, anajua unamtafuta, na kama ana uwezo kuliko wewe basi anapiga yeye.

Watu wengi walizoea kuliona jambo hilo kama ubahili tu. Mimi naliona kama ukurasa wa kwanza wa ugomvi wetu na bei za simu, na ugomvi wenyewe haujaisha, umebadilisha nguo tu. Naomba leo tuupitie kidogo kwa sababu kila bando linapopanda tunalalamika kana kwamba jambo limeanza jana. Na ninalotaka kusema nalisema mapema ili msinisubiri mpaka mwisho: bei ya simu tunayoiona kwa macho tunaipigia kelele na mara nyingi inashuka. Ile iliyojificha ndiyo inayodumu.

Enzi za vocha ya kukwangua

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994. Ni mwaka huo huo TTCL ilipoanza kujitegemea baada ya lile shirika la zamani la posta na simu kugawanywa. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilikuwa Mobitel, ambayo wengine mtaikumbuka kwa jina la Buzz, kisha ikawa Tigo, na tangu mwaka 2024 inaitwa Yas. Ikaja Tritel, ambayo ilikufa mapema. Zantel ikaanza Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikafika mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Hiyo Celtel ndiyo iliyogeuka Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Majina yamebadilika kuliko hata minara yenyewe.

Mwaka 2000 laini za mkononi nchini zilikuwa laki moja na ushee. Simu za mezani hazikufika laki mbili, na hii ni nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 30. Mwenye simu ya mkononi aliining'iniza kiunoni ili watu waione, na hakuwa anakosea, maana ilikuwa alama ya mtu aliyefika. Kufikia mwaka 2005 laini zilikuwa karibu milioni 3, na mwaka 2010 zilikuwa zimepita milioni 20.

Kilicholeta mlipuko huo ni vocha. Kampuni ya simu haikuhitaji kujua unafanya kazi wapi, una akaunti benki gani au bili yako ipelekwe sanduku la posta lipi. Unanunua vocha kibandani, unakwangua kwa kucha au kwa sarafu, unaingiza namba, unaongea. Mama ntilie na mkurugenzi wakawa wateja wa kampuni moja kwa masharti yale yale.

Lakini vocha ina tabia moja ambayo haisemwi sana. Inakuonyesha bei. Mtu anayeletewa bili mwisho wa mwezi anaongea kwanza, anashtuka baadaye. Mtu wa vocha anaona salio likipungua kila anapokata simu. Kwa hiyo tangu mwanzo mtumiaji wa Bongo alikuwa mhasibu. Alijua wazi kwamba pale ambapo mtandao unatoza kwa dakika nzima, ukiongea sekunde 61 umelipa dakika mbili. Ndiyo maana watu walijifunza kuongea kama wanakimbizwa: "Nimefika, mzigo upo, njoo kesho, kwa heri." Hata shikamoo ilikuwa inakatwa nusu.

Na hapo ndipo kubipu kulipozaliwa. Mtandao ulitoza simu iliyopokelewa, watu wakatumia ile isiyopokelewa.

Sheria za kubipu

Msidhani hili lilikuwa jambo la Dar es Salaam peke yake. Mtafiti mmoja anaitwa Jonathan Donner alikwenda Rwanda kuchunguza watu wanavyotumia simu, na mwaka 2007 akachapisha makala ya kitaaluma kuhusu sheria za kubipu. Alikuta kuna bipu za aina tatu. Ya kwanza ni "nipigie". Ya pili ni ya makubaliano, kwa mfano nikikubipu mara moja ujue nimefika stendi, njoo unichukue. Ya tatu ni ya mapenzi na urafiki, haina ujumbe wowote zaidi ya "nakukumbuka".

Alikuta pia kwamba kuna adabu yake. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Bosi habipu mfanyakazi wake. Mfanyabiashara habipu mteja, maana atamkimbia. Na kijana anayemfukuzia binti asithubutu kumbipu. Msomaji wa Tanzania akisoma haya anacheka kwa sababu hakuna aliyefundishwa darasani na wote tulizijua.

Ukitazama vizuri, mamilioni ya watu wasiofahamiana walikubaliana, bila kikao, namna ya kugawana gharama ya simu kufuatana na uwezo wa kila mmoja. Kampuni zilijua fika, na baadaye nyingi zikaweka huduma ya kutuma ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Yaani kubipu kulihalalishwa. Huo ni ushindi wa kwanza wa walalahoi, na ulitokea kwa sababu bei ilikuwa inaonekana.

Meseji ya herufi 160

Sasa tuje kwenye meseji, ambayo kwangu ndiyo mfano mkubwa wa bei iliyojificha.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 kwenye mtandao wa Vodafone. Mhandisi Neil Papworth aliandika salamu za Krismasi kwa kompyuta, zikapokelewa kwenye simu ya Richard Jarvis. Lakini wazo lilikuwa la miaka ya 1980. Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja wa waliokuwa wakitengeneza viwango vya mtandao wa GSM, alikaa na mashine yake ya chapa akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi. Akaona nyingi hazizidi 160. Akasema zinatosha.

Kwa nini 160 na si 500? Kwa sababu ujumbe ulipangwa kupita kwenye njia ambayo tayari ilikuwepo. Simu ya mkononi, hata ukiwa hujapiga popote, huwasiliana na mnara: niko hapa, kuna simu inaingia, na kadhalika. Njia hiyo ya ishara ilikuwa na nafasi kidogo, na ndani ya nafasi hiyo ndipo meseji ilipoingizwa. Ukubwa wake ni baiti 140 tu. Ni kama daladala ambayo lazima iende Mbagala hata kama haina abiria, halafu wewe ukamwomba konda abebe barua yako. Safari ilikuwepo tayari.

Ilitakiwa kitu kama hicho kiwe karibu na bure. Badala yake kiliuzwa, na kwa miaka mingi kiliuzwa ghali dunia nzima. Marekani yenyewe walilalamika. Mwaka 2008 Seneta Herb Kohl aliziandikia kampuni nne kubwa za simu nchini humo akitaka zieleze kwa nini bei ya meseji moja ilipanda kutoka senti 10 hadi senti 20 kati ya mwaka 2005 na 2008, wakati teknolojia ilikuwa inashuka bei kila kukicha. Hebu tupige hesabu wenyewe. Megabaiti moja, yaani baiti milioni moja, ni sawa na meseji zaidi ya 7,100 zilizojaa. Kwa senti 20 kila moja, hiyo ni zaidi ya dola 1,400. Megabaiti moja! Leo picha moja unayomtumia shangazi WhatsApp inaweza kuzidi hapo.

Kwetu Bongo meseji ilionekana nafuu kwa sababu tuliilinganisha na kupiga. Huo ndio mtego. Ukiambiwa kitu ni nafuu kuliko kingine, unaacha kuuliza kinagharimu nini chenyewe. Badala ya kuuliza tukajifunza kubana maneno ili tusiingie meseji ya pili. "Cjui", "2taonana", "ucku mwema". Walimu wa Kiswahili walilia na magazeti yakaandika kwamba vijana wanaharibu lugha. Sijui ni wangapi waliouliza kwa nini kijana anahesabu herufi.

Kilichoiua bei ya meseji hakikuwa huruma. Ilikuwa WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 na kununuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa kiasi kilichotangazwa cha dola bilioni 19. Watu walipopata njia nyingine ya kupeleka maneno yale yale, kampuni zikaanza kugawa meseji mamia kwa mamia kama nyongeza kwenye bando. Kitu kilichokuwa kikiuzwa kimoja kimoja kikawa basi tu.

Shilingi 112 ambazo hukuziona

Twende sasa kwenye kitu ambacho nadhani asilimia kubwa ya watumiaji hawajawahi kukisikia, nacho kimetugharimu kuliko vyote. Kinaitwa gharama za mwingiliano.

Ukipiga simu kutoka mtandao wako kwenda mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine kwa kazi ya kuipokea simu na kuifikisha. Si jambo baya lenyewe. Tatizo ni kwamba kila kampuni ni mlango pekee wa kufikia wateja wake. Kama dada yako yuko mtandao fulani, huwezi kumfikia kupitia mlango mwingine. Na mwenye mlango pekee akiachiwa apange kiingilio, mnajua atakachofanya.

Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2013 kiingilio hicho Tanzania kilikuwa takriban shilingi 112 kwa dakika. Maana yake ni kwamba kabla kampuni yako haijalipa mshahara, mafuta ya jenereta wala kodi, kila dakika iliyovuka mtandao ilikuwa imebeba shilingi 112. Ndiyo maana ya zile bei mbili, ya ndani ya mtandao na ya nje ya mtandao. Ndiyo maana pia ya Mtanzania mwenye laini tatu na simu ya Kichina ya laini mbili. Tulijiona wajanja, na tulikuwa wajanja, lakini ujanja wenyewe ulikuwa wa kukwepa bei ambayo hatukujua imepangwa wapi.

Kuanzia Machi 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliishusha kutoka shilingi 112 hadi 34.92, na ikapanga iendelee kushuka kila mwaka mpaka 26.96 mwaka 2017. Januari 2018 ikawa 15.60, na ratiba ikaendelea kuiteremsha hadi shilingi 2 mwaka 2022. Kutoka 112 hadi 2, ndani ya miaka tisa! Minara haikubadilika kuwa ya miti. Kilichobadilika ni kwamba mdhibiti alikaa, akapiga hesabu ya gharama halisi, akaamua. Baada ya hapo vifurushi vya "mitandao yote" vikawa jambo la kawaida, na laini ya tatu ikaanza kukaa droo ya kabati.

Wenzetu wa Kenya walishaona jambo hilo hilo. Agosti 2010 mdhibiti wao alishusha kiingilio kutoka shilingi 4.42 za Kenya hadi 2.21, na mara moja Zain ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote na meseji kwa shilingi 1. Wengine walilazimika kufuata.

Na kama bado mnaamini kwamba bei hizi ni za asili kama mvua, kumbukeni Septemba 2006. Celtel iliamua kwamba wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania wakivuka mpaka wataongea kwa bei ya mwenyeji, bila ile tozo ya kuwa ugenini. Nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na utajiri wao, zilifuta tozo hiyo mwaka 2017. Mfanyabiashara wa Namanga aliwatangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Kodi nayo inajua kujificha

Tukiwa wakweli, si kampuni peke yake. Serikali nayo ipo kwenye vocha yako.

Bajeti ya mwaka 2013 ilileta tozo ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini. Elfu moja, kwa kila laini, hata ya bibi kijijini anayesubiri kupigiwa na wajukuu. Nchi nzima ilipiga kelele, kampuni zikapinga, watetezi wa walaji wakaenda mahakamani, na Julai mwaka huo Rais Kikwete akawataka wahusika wakae watafute njia nyingine. Tozo ikafa kabla haijatembea. Tulishangilia.

Sasa angalieni kilichofuata. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu, ambao bajeti ile ile ilikuwa imeupandisha kutoka asilimia 12 hadi 14.5, ukapelekwa asilimia 17. Hapo hakuna aliyeandamana. Fanyeni hesabu: huduma ya shilingi 100 ikiongezwa ushuru wa asilimia 17 inakuwa 117, kisha VAT ya asilimia 18 juu yake inafika takriban 138. Kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 1,000 unayoweka kwenye simu, kama 276 ni kodi. Elfu moja ya mwezi tuliiona tukaikataa. Hii ya kila dakika hatuioni, tunailipa.

Mwaka 2021 historia ilijirudia. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na ilikuja kama meseji inayosomeka: umetuma kiasi hiki, umekatwa tozo hii. Kelele zake mnazikumbuka. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Imeonekana, imesemwa, imeshuka.

Bando

Hivi tulivyo leo, watu wachache wanajua dakika moja inauzwa shilingi ngapi. Tunajua bando la elfu moja na bando la elfu mbili. Ndani kuna dakika, meseji na MB, zingine za usiku, zingine za mitandao ya kijamii tu, na kila mtandao una menyu ndefu kuliko ya hotelini. Ni nafuu kuliko bei ya kawaida, hilo halina ubishi. Lakini nafuu hiyo ndiyo inayofanya tusilinganishe, kama tulivyofanyiwa kwenye meseji.

Tarehe 2 Aprili 2021, siku ya Ijumaa Kuu, watu waliamka wakakuta bando la bei ile ile limepungua ghafla. Utaratibu mpya wa vifurushi ulikuwa umeanza siku hiyo, na cha ajabu ni kwamba ulikuja baada ya malalamiko ya watumiaji wenyewe. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hiyo hiyo wizara, chini ya Dk. Faustine Ndugulile, ilisitisha bei mpya na ya zamani ikarudi. Saa chache tu. Kwa nini? Kwa sababu tulichokipoteza kilionekana kwenye kioo cha simu.

Lakini kuna kitu ambacho bando linatuchukulia kila siku na hatujawahi kukikasirikia hivyo. Muda. Ukinunua kilo ya sukari kwa Mangi, haji kugonga mlango saa sita usiku kuchukua iliyobaki kwa sababu siku imeisha. Bando la saa 24 linafanya hivyo, na sisi tunasema "bando limeisha" wakati halikuisha, limechukuliwa. Ile dakika iliyobaki ulikuwa umeilipia, pamoja na kodi yake.

Kampuni zina hoja zao na ni haki kuzisikia. Kujenga mnara sehemu isiyo na barabara wala umeme wa Tanesco ni gharama kubwa, na bila wao bibi yangu angekuwa bado anatumiwa barua kwa dereva wa basi. Sawa. Basi gharama hizo ziwekwe wazi kama TCRA ilivyoweka wazi zile za mwingiliano, maana tuliona zilipohesabiwa kweli kweli zilitoka 112 zikafika 2.

Kwa hiyo wadau, ninachopendekeza ni kidogo. Kila bando lioneshe dakika moja na MB moja inanigharimu shilingi ngapi, kiasi gani ni kodi, na kilichobaki muda ukiisha kilikwenda wapi. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, limeundwa kwa sheria ile ile ya mwaka 2003 iliyounda TCRA, na kazi yake ni kusema kwa niaba yetu. Tangu Machi 2017 unaweza pia kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Silaha zipo.

Waliotutangulia walikuwa na kidole gumba tu cha kukatia simu kabla haijapokelewa, na bado walizibana kampuni mpaka zikasalimu amri. Walijua kitu kimoja ambacho sisi wa bando tunakisahau: dakika moja ilikuwa shilingi ngapi.